Mabango ya Dansi ya Dar: Tuyatundike Makumbusho au Ukumbini?

Bango la kwanza nililoliokoa lilikuwa Magomeni, kwenye ukuta wa duka lililokuwa likibomolewa, limebandikwa juu ya mengine manne. Lilitaja Jumamosi tarehe 14 Februari, jina la ukumbi, bendi mbili jukwaa moja, kiingilio, namba ya simu, na chini kabisa, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, neno moja: USIKOSE. Mwaka haukuandikwa. Uandikwe wa nini? Aliyeliandika alikuwa akiwaita watu waje mwisho wa juma lile, hakuwa akimwachia mjukuu kumbukumbu.

Tangu siku hiyo nimekusanya mengine, na ninawafahamu wenzangu wenye mafungu kama langu: watoto wa wanamuziki, wapiga chapa wastaafu, mama mmoja aliyekuwa akikata tiketi mlangoni. Sote hufika kwenye swali moja. Tuyaonyeshe wapi? Kwenye jumba la sanaa au makumbusho, penye vioo na taa za kupimwa? Au tuyarudishe ukumbini, palipo na spika, viti vya plastiki na watu waliocheza usiku ule? Nimeshiriki kuandaa maonyesho ya namna zote mbili, na hayakufanana hata kidogo. Nina upande wangu na nitausema.

Tunachokionyesha ni nini hasa

Asiyeijua Dar anaweza kudhani bango la dansi ni karatasi ya tangazo tu. Mji huu umekuwa mji wa bendi kwa muda mrefu. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina, bendi nayo ilibadili: ikawa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, ikawa OTTU mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwisho ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978, na ilipochukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam mwaka 1983 ikaongezewa herufi tatu mbele: DDC. Watani wa jadi, Msondo na Sikinde (ndivyo Mlimani Park ilivyoitwa kwa mtindo wake), mashabiki wao waligawana mji kama wa Simba na Yanga.

Kwa hiyo bango lina lugha yake. Mtindo wa bendi, Sikinde, Msondo, Ndekule, Ogelea Piga Mbizi, mara nyingi huandikwa kwa herufi nene kuliko jina la bendi lenyewe, kwa sababu mtu alikuwa akiufuata mtindo. Halafu majina ya waimbaji na wapiga magita. Halafu kiingilio, pengine na bei ya akina dada pembeni. Mengi niliyonayo yaliandikwa kwa mkono juu ya manila: mistari ya penseli bado inaonekana chini ya herufi, na ukitazama kwa karibu unaona brashi ilipoishiwa rangi ikachovywa tena. Yalibandikwa kwa uji wa unga kwenye kuta, nguzo za umeme na miembe, gari la matangazo likipita na spika juu kumalizia kazi.

Ninasema haya mapema kwa sababu ndiyo yanayoamua. Bango ni karatasi, na ni wito pia. Makumbusho huitunza karatasi vizuri, na ukumbi huujua wito.

Makumbusho na majumba ya sanaa

Dar ina mahali pa kuanzia. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, yalifunguliwa mwaka 1940, na sasa yana Nyumba ya Utamaduni ndani ya eneo hilohilo. Nafasi Art Space, Mikocheni, imekuwepo tangu 2008, na karakana za wasanii wake ziko ndani ya makontena ya meli. Pale mchoraji kijana anaweza kulitazama bango la zamani kisha akarudi hatua ishirini kuendelea na kazi yake. Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa, nayo imezoea kuunganisha maonyesho na muziki wa jukwaani.

Faida kubwa ya mahali pa aina hii ni usalama wa karatasi, na hapa sitaki mtu achukulie mzaha. Karatasi ya bei rahisi ina asidi ndani yake na hugeuka ya njano hata ukiiacha kabatini. Ukiiweka kwenye jua, nyekundu ndiyo ya kwanza kukimbia. Wahifadhi wa karatasi hupendekeza mwanga usiozidi lux 50, hafifu kiasi kwamba macho huhitaji dakika moja kuzoea. Unyevu wa hewa wa Dar huwa juu ya asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ukungu huanza kuota kwenye karatasi unyevu ukishapita asilimia 65 hivi. Chumba chenye kiyoyozi kisichozimwa usiku ni zawadi ambayo ukumbi wa dansi hauwezi kukupa. Fremu nayo ina kanuni yake: kioo kisigusane na rangi, pawe na kadi inayoacha nafasi, la sivyo jasho la kioo litaubandika mchoro humohumo.

Faida ya pili ni uzito wa jina. Mwalimu anayetaka kuleta wanafunzi hupata ruhusa kirahisi kuwapeleka Makumbusho kuliko baa. Mfadhili pia husikiliza haraka zaidi. Na bango likishawahi kutundikwa pale, mwenye nyumba anayelikuta stoo kwake hulifikiria mara mbili kabla ya kulifungia vitumbua.

Sasa hasara. Ya kwanza ni nani anafika. Katika onyesho letu la jumba la sanaa walikuja wasanii, waandishi, wageni, wanafunzi wa chuo. Nilifurahi kuwaona wote. Lakini katika siku zote zile sikumwona hata mtu mmoja aliyewahi kulipa kiingilio kilichoandikwa kwenye mabango yale. Saa za kufungua ni saa za kazi; mahali penyewe panahitaji daladala mbili; na kuna ule ukimya unaomfanya mtu aliyezoea kuzungumza kwa sauti ajione amekosea mlango.

Ya pili ni maelezo. Tuliandika kadi nzuri zilizochapwa, na kumi na moja kati yake zilisema "Mchoraji hajulikani". Wageni walizisoma, wakatikisa kichwa, wakaendelea. Hakuna aliyeweza kutusaidia.

Ya tatu ni matunzo yenyewe, ambayo hayaji bila kuulizwa. Jumba moja lilinirudishia mabango mawili yakiwa na selotepu nyuma kwenye pembe zote nne. Gundi ya selotepu huingia ndani ya karatasi, ikageuka kahawia, na haitoki. Kuta nyeupe hazikuhakikishii mikono ya mhifadhi. Uliza mapema, kwa maandishi: yatatundikwa kwa nini, nani atayagusa, na taa ni za aina gani.

Ukumbi wa dansi

Hapa nitakaa zaidi kidogo.

Tulichagua ukumbi wa wazi Kinondoni, Jumapili ya bonanza, bendi ikianza saa kumi jioni. Hatukupeleka bango halisi hata moja. Tulipiga picha kila bango likiwa limelala kivulini, kamera ikiwa sawa juu yake, tukachapa nakala za ukubwa uleule, ishirini kwa jumla, tukazibandika kwa uji wa ngano kwenye mbao za plaiwudi kandokando ya uzio. Chini ya kila nakala tuliacha nafasi nyeupe, na kalamu ikining'inia kwa uzi. Gharama yote haikufika ya fremu tatu za jumba la sanaa.

Bango langu la Magomeni lilikuwa la tatu kutoka mlangoni. Mwaka wake nilikuwa nimeutafuta kwa hesabu nyumbani, na njia hiyo nakupa maana ni ya bure. Tarehe 14 Februari iliangukia Jumamosi mwaka 1981, 1987, 1998, 2004 na 2009. Namba ya simu ilianza na 0744, ambayo ni ya Vodacom, kampuni iliyoanza kazi nchini mwaka 2000, na katikati ya muongo ule namba hizo ziligeuzwa kuwa 0754. Unabaki mwaka mmoja tu, 2004, na yale manne ya chini yake ni ya kabla ya hapo. Kwa mabango ya zamani zaidi, jina la bendi ndilo saa yako: likisema JUWATA haliwezi kuwa la miaka ya sitini, na likisema DDC mbele ya Mlimani Park ni la 1983 au baadaye.

Nilijiona nimemaliza kazi. Shangazi mmoja, kitenge kimefungwa vizuri na soda mkononi, alisimama mbele ya bango lile, akacheka, akaniita. "Wewe ndiye mwenye hizi? Basi andika. Bendi ya pili haikuja siku hiyo. Tulikesha na moja." Akanionyesha kwa kidole jina la bendi iliyokosa, akaniambia gari lao liliharibika njiani na mpiga besi wa bendi iliyokuwepo alipiga mpaka kidole kikachubuka. Kadi yangu ya jumba la sanaa ilikuwa imeandika, kwa herufi za kupendeza, kwamba usiku ule zilipiga bendi mbili. Nilikuwa nimeliamini bango. Bango ni ahadi, na walioshuhudia kama ahadi ilitimizwa hawakuwa Mikocheni wala Shaaban Robert, walikuwa pale wakisubiri bendi ipande.

Saa moja baadaye akaja mzee wa makamo ya miaka sabini, kofia kichwani, akapita nakala moja baada ya nyingine bila haraka. Kwenye ile ya saba akasimama. Nilimwamkia, akaitikia, akaweka kidole juu ya herufi moja.

"Mwanangu, hii R ni yangu."

Mkia wa R ile unashuka chini ya mstari na kupinda kidogo kama ndoana. Nilikuwa nimeutazama miaka mitatu bila kuuona. Akanieleza kwamba aliichora hivyo makusudi, maana mteja mmoja alikataa kumlipa na kudai bango si kazi yake. Tangu hapo kila R aliipa ndoana ili asibishiwe tena. Tukaenda naye kwenye nyingine. Kati ya zile kumi na moja zisizo na mchoraji, nne zilikuwa na ndoana.

Sikuyapata haya kwenye chumba cha lux 50, na siamini ningeyapata hata ningekaa mwaka mzima.

Ukumbi una hasara zake na ni nzito. Nakala mbili ziliibwa, moja ililowa bia, na mvua ya dakika kumi ilikunja kona za mbao zote za upande wa mashariki. Ni nakala, hazikuniuma. Yangekuwa mabango halisi ningelia. Watu wengine walikuja kucheza na hawakutazama chochote, na hiyo ni haki yao. Watoto na wanafunzi hawapo. Mwenye ukumbi akipata mteja wa harusi, onyesho lako linaondoka asubuhi bila barua. Na kelele: bendi ikipanda jukwaani mazungumzo yamekwisha, kwa hiyo kazi yote ya kukusanya habari iko katika saa mbili za mwanzo, wakati vyombo vinafungwa na sauti inajaribiwa. Fika saa nane.

Mbele ya mtu anayechora

Kuna njia ya tatu, ambayo nimeiona kwa mbali tu na ningependa tuijaribu. Nashville, Marekani, kuna karakana iitwayo Hatch Show Print, iliyoanza mwaka 1879 na bado inachapa mabango ya muziki kwa herufi za mbao. Mgeni hutazama ukuta wa mabango ya zamani kisha anageuka na kuona linalochapwa leo. Kwetu herufi za mbao si lazima. Mpe mzee wa ndoana meza, manila, rangi na penseli mlangoni mwa onyesho, na kijana anayetengeneza mabango kwa kompyuta akae naye. Haijalishi kama ni ukumbini au jumba la sanaa. Inafaa kote, na ndiyo njia pekee ninayoijua ya kumfanya mtoto wa miaka kumi asimame dakika ishirini.

Na msimwache nje yule kijana wa kompyuta. Mabango ya plastiki yenye picha za waimbaji zilizokatwa na kupangwa juu ya miale ya dhahabu, ambayo wengi wetu huyaona takataka, ni ya dansi, taarabu na Bongo Fleva ya mji huuhuu, na yanatupwa kwa kasi kuliko ya karatasi yalivyotupwa. Mengi yanaishia kuwa paa la banda la kuku.

San Francisco walilifahamu hili mapema. Mwezi Julai 1967 wachoraji watano wa mabango ya muziki wa mji ule, Wes Wilson, Victor Moscoso, Rick Griffin, Stanley Mouse na Alton Kelley, walionyeshwa pamoja kwenye Moore Gallery wakati kazi zao zilikuwa bado zinabandikwa mitaani kila juma. Jumba la makumbusho la de Young la mji huohuo lilipoadhimisha mwaka 2017 miaka 50 ya majira yale, Griffin na Kelley walikuwa wameshafariki, lakini habari zao zilikuwa zimeshaandikwa. Sisi Muhidin Gurumo, mwimbaji wa Msondo, alituacha mwaka 2014, na wangapi kati ya waliochora jina lake kwenye manila tunawajua?

Basi uchague lipi

Kama unayo mabango halisi machache, tuseme chini ya kumi, na yameanza kukatika kwenye mikunjo, usiyapeleke ukumbini. Yapeleke mahali penye kiyoyozi na mtu anayejua karatasi, hata kama watakaoyaona ni wachache. Usiyapake plastiki ya moto kama vitambulisho: haiondoki tena, na huifunga asidi ndani. Yalaze bapa kati ya karatasi safi, mbali na sakafu, maana mchwa na mende hawasubiri ufadhili.

Kama unayo mengi lakini hujui nani aliyachora, mwaka gani, wala bendi zilifika au hazikufika, anza na ukumbi na nakala. Huu ndio upande wangu, na ninaushikilia kwa nguvu: ukumbi kwanza, makumbusho baadaye. Tulifanya kinyume, na matokeo yake ni kadi kumi na moja za aibu. Karatasi iliyohifadhiwa vizuri inaweza kusubiri miaka mitano. Mzee wa miaka sabini sina hakika naye, na kila Jumapili inayopita mtu mmoja anayeijua R fulani hayupo tena kwenye kiti chake.

Kama wewe ni mwalimu au una kikundi cha vijana, jumba la sanaa litakufaa zaidi, mradi mchoraji awepo siku ya kufungua na meza yake.

Na kama lengo lako ni kuuza nakala, simama kwanza. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwamba bango lilikuwa limebandikwa ukutani halikulifanya kuwa la kila mtu. Mzee wetu tulikaa naye, tukakubaliana, na kila nakala ya ndoana inayouzwa ina fungu lake na jina lake chini kama alivyotaka liandikwe. Kibali cha onyesho uliza Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) mapema, na serikali ya mtaa waambie hata kama hawakuulizi.

Zile nakala za Kinondoni sikuzitupa. Zimejaa mwandiko wa watu: majina, marekebisho, mishale, kiingilio kimekatwa na kuandikwa kingine juu yake na mtu aliyesema mlangoni walidai zaidi. Kila moja nimeiweka kwenye bahasha moja na bango lake halisi, na tukienda tena Makumbusho zitatundikwa pamoja, lile la manila ndani ya kioo, na ile iliyolowa bia pembeni yake.